Mjapani Aliyesubiriwa Vrelac

Vrelac, 10 Februari 1985

Kwa mpwa wangu Vidosava, huko Milano,

Pokea salamu zangu mimi mjomba wako Radisav, za mkazamjomba wako Ikonija, na za mama yako Persida, ambaye anasema hujaandika tangu Desemba na kwamba yeye hajali. Anajali. Miguu inamsumbua kwa baridi hii, theluji imefika dirishani na mbwa anaruka uzio bila taabu. Nguruwe wawili tumeshawachinja. Plamu za mwaka jana zimetoa pombe kali ya rakija, safi kabisa, nikakuwekea chupa tatu. Zimebaki mbili.

Mimi ni mzima. Goti langu halina neno, na ukisikia vingine ujue ni uzushi wa Ikonija.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita Tihomir, mwenyekiti wa manispaa, aliniita ofisini. Akaniambia ushirika wa wakulima unautaka ukumbi wetu wa karate uwe ghala la viazi. "Radisav," akasema, "viazi vinaliwa. Hiyo karate yako inaliwa?" Nilipandwa na hasira, Vidosava. Ukumbi ule nimeutumikia miaka ishirini na moja! Nikamjibu hapohapo, kabla akili haijaufikia mdomo: "Tihomir, Julai hii Vrelac inampokea mwalimu mkubwa wa Kijapani, mkanda mweusi wa dan ya nane. Semina na kambi ya siku sita." Macho yakamtoka. "Mjapani mwenyewe? Wa Japani?" Nikasema wa Japani hasa.

Basi toka siku hiyo mji mzima hauna usingizi. Tumeunda Kamati ya Maandalizi yenye wajumbe kumi na mmoja: daktari wa mifugo, meneja wa posta, mkuu wa shule, mkurugenzi wa kiwanda cha soksi na wengineo wazito wazito. Aliyewahi kuvaa mkanda ni mmoja tu, naye ni mimi. Tuna kamati ndogo ya mabango, kamati ndogo ya nyama, na kamati ndogo ya kufuatilia kamati ndogo. Mabango yamekwisha kuchapishwa.

Kilichobaki ni Mjapani tu. Mama yako aliniambia unafanya usafi kwenye ukumbi wa yule Mwalimu Okuyama hapo Milano. Hebu mwambie. Nadhani hatakataa, watu wa Japani wana heshima.

Mjomba wako,
Radisav


Milano, 3 Machi 1985

Mjomba Radisav,

Nakusalimu wewe na mkazamjomba. Mama mwambie naandika kesho, na dawa ya kuchua miguu nimemtumia kwa dereva wa basi la Belgrade. Mimi sijambo. Kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wametuongezea mashine mbili na wametupunguzia watu watatu.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa. Umemwalika mtu kabla yeye mwenyewe hajajua ameitwa, ukachapisha na mabango! Ungeuliza kwanza, mjomba. Mwalimu Okuyama ana miaka sabini na mbili.

Nitamuuliza. Siahidi kitu.

Kuhusu usafi, ni kweli nafagia pale ukumbini. Kila mwanafunzi wa pale hufagia, hata mwalimu hushika tambara siku ya zamu yake. Nafanya mazoezi pale mara nne kwa wiki, huu mwaka wa tisa. Hukuuliza, basi nakwambia.

Idadi ya wajumbe wa kamati nimeiona. Idadi ya wanafunzi hukuiandika.

Vidosava


Milano, 24 Machi 1985
(Barua hii haikutiwa stempu.)

Mjomba,

Salamu kwa wote. Leo nakwambia yote kwa mpigo, halafu nitaona kama nina moyo wa kuipeleka posta.

Mwalimu Okuyama hasafiri tena. Mgongo umemshinda. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema, "Nenda wewe." Nikamwambia haiwezekani, mjomba wangu ndiye aliyenifundisha ngumi ya kwanza. Akasema, "Vizuri. Basi ataona ilifika wapi."

Novemba iliyopita nilifanya mtihani wa dan ya tano. Nilifaulu. Wewe una dan ya nne. Kwa sheria yetu ileile uliyotuchapia kwa fimbo ya mwanzi, mwenye mkanda wa juu husimama mbele na wa chini humwinamia. Kwa hiyo Julai ni wewe wa kuniinamia mimi, mbele ya Tihomir na mji mzima.

Na mwaka 1975 je? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nawashinda wavulana wote wa ukumbi ule na ulijua. Siku ya mtihani wa mkanda mweusi nikakuta jina langu limekatwa kwa mstari, juu yake umeandika jina la mtoto wa meneja wa posta, ambaye mpaka leo sijui kama anaweza kusimama kwa mguu mmoja. Ukaniambia orodha imejaa. Kesho yake nikakata tiketi ya treni. Miaka kumi, mjomba, na hujawahi kulitaja jambo hilo hata kwa kikohozi.

Sitaki ukumbi wako uwe wa viazi. Nataka unione, basi.


Milano, 31 Machi 1985

Mjomba,

Salamu kwa wote nyumbani. Mwalimu Okuyama amekubali Vrelac ipate mwalimu kutoka ukumbi wake. Tarehe ni 15 hadi 20 Julai. Mwalimu atashuka kwenye treni ya saa nne asubuhi, Jumatatu.

Nina zamu, naishia hapa.

Vidosava


Vrelac, 6 Mei 1985

Mpwa wangu, dhahabu yangu, Vidosava!

Barua yako ilichukua wiki tatu kufika, na katika wiki hizo nilipungua kilo nne. Sasa nimezirudisha. Sote hatujambo. Pasaka ilipita salama, mama yako alipaka mayai rangi akiwa amekaa na amekufumia soksi. Ng'ombe amezaa. Leo ni sikukuu ya Mtakatifu George, nyumba imejaa wageni ambao hakuna aliyewaita, kama ilivyo ada.

Nilipowasomea wajumbe barua yako walisimama. Meneja wa posta alitokwa na machozi. Tangu hapo tunakutana kila Jumanne. Ratiba iko tayari na mkuu wa shule ameijumlisha: kwa siku sita tutakuwa na saa tisa za mazoezi, saa kumi na nne za hotuba, na saa thelathini na moja mezani. Tihomir anaona mazoezi yamezidi. Asubuhi saa moja kila mshiriki atapata rakija na kahawa, saa mbili maharage na soseji, saa tatu mateke. Saa sita mwanakondoo.

Tunajifunza kuinama. Jumanne iliyopita wajumbe kumi na mmoja walijipanga uso kwa uso kwenye ukumbi wa manispaa, daktari wa mifugo akainama mapema, mkurugenzi wa soksi akachelewa, vichwa vikagongana na mmoja akashonwa nyuzi tatu. Lakini tunaendelea vizuri. Hata Momir wa mji wa jirani, yule aliyejitunuku dan ya tisa kwa njia ya posta, ameomba kiti cha mbele. Nimempa cha nyuma ya nguzo.

Na sasa kubwa kuliko yote. Tihomir anamwoza binti yake Jumapili ya tarehe 21, siku moja baada ya kambi. Ameamua Mjapani awe msimamizi wa ndoa! Unajua kwetu msimamizi wa ndoa ni mkubwa kuliko baba mzazi, na anayeombwa hakatai, kukataa ni kuvunja nyumba mbili. Mjukuu wa kwanza atapewa jina na huyo Mjapani. Tihomir ameniapia, msimamizi akishasimama, ukumbi ni wetu daima. Kadi za harusi zimechapishwa.

Nawe njoo. Utatafsiri, na Ikonija anahitaji mtu wa kumsaidia jikoni.

Mjomba wako mwenye furaha,
Radisav


Milano, 2 Juni 1985

Mjomba,

Nawasalimu. Samahani kwa kuchelewa. Niliandika barua kadhaa ambazo hazikwenda popote.

Ondoa rakija ya asubuhi. Ondoa maharage kabla ya mazoezi, watatapika, na atakayefagia ni nani? Mazoezi yawe saa ishirini na nne, hotuba iwe moja. Hiyo ni amri ya ukumbi wetu, si ombi.

Na msimamizi wa ndoa! Nani kamuuliza? Mmemwoza mtu kwenye koo zenu na hamjui hata anavaa kiatu namba ngapi.

Nina swali moja, unijibu wewe, si kamati. Kama mwalimu atakayeshuka kwenye treni angekuwa mwanamke, wewe ungesimama wapi?

Vidosava


Vrelac, 21 Juni 1985

Mpwa wangu Vidosava,

Sote wazima, nyasi tumezikata, mvua imetuhurumia. Ukumbi umepakwa chokaa. Kiti cha heshima kimeletwa kutoka mahakamani.

Kamati imejadili maagizo ya Milano kwa saa tano na imeafikiana: rakija itaitwa dawa ya misuli. Hotuba tumepunguza ya mkurugenzi wa soksi, naye hanisalimii.

Washiriki wamejiandikisha arobaini na wawili, pamoja na Grozda mwuza mikate anayetaka kupungua. Wanafunzi wangu mwenyewe, kwa kuwa uliuliza, ni tisa.

Lile swali lako la mwisho sikulielewa vizuri. Nadhani wino ulififia njiani.

Radisav

Mwanangu, ni mimi Ikonija, naongeza hapa kabla hajafunga bahasha. Wino haukufifia. Aliisoma barua yako, akatoka, akaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa. Njoo tu, mwanangu. Jikoni nina watu wa kutosha.


Milano, 22 Julai 1985

Mjomba,

Salamu kwa mkazamjomba. Mama nimekwisha kuagana naye mwenyewe.

Nakukumbusha yaliyotokea, maana wewe ukitaka kujitia hamnazo hakuna anayekuweza. Jumatatu nilishuka kwenye treni. Bendi ikaanza. Msichana aliyeshika mkate na chumvi vya kumkaribisha mgeni akanipita, akapanda behewani kumtafuta Mjapani, na treni nusura iondoke naye. Nikakuletea wewe mkononi barua ya Mwalimu Okuyama, yenye muhuri mwekundu, inayosema mimi ni nani na nina dan ya ngapi. Uliisoma palepale. Niliona masikio yako yanabadilika rangi. Ukaikunja, ukaitia mfukoni, ukamgeukia Tihomir: "Huyu ni mpwa wangu, katibu wa Mjapani. Bwana mkubwa amechelewa kidogo, anaingia Jumamosi."

Katibu!

Siku tano nimewafundisha watu wale. Siku ya kwanza walitapika ile dawa yenu ya misuli, siku ya pili hawakuinywa tena, siku ya tatu wakaanza kusimama kama watu. Grozda ana miaka hamsini na mbili na ana teke ambalo wewe hukuwahi kumfundisha mtu yeyote. Na wewe ulikuwa jukwaani, pembeni ya kiti kitupu chenye maua. Kila asubuhi daktari wa mifugo alibadilisha maua. Watu wakinijia na swali, ulipaza sauti kutoka juu: "Hilo msubirini mwenyewe!"

Kila asubuhi nilikuachia nafasi kwenye mstari. Nilikuwa nasema moyoni, leo atashuka. Kuanzia jukwaani mpaka mstarini ni ngazi tatu, mjomba. Ijumaa mchana nikachukua mfuko wangu nikaenda stesheni.

Mwaka 1975 ulilikata jina langu kwenye orodha ya mtihani ukaniambia imejaa. Nilikuwa mtoto, nikameza. Safari hii umenikata nikiwa nimesimama mbele yako. Nimeumia na sitaki kuficha kwamba nimeumia. Usiniandikie kwa kamati.

Vidosava


Vrelac, 26 Agosti 1985

Mwalimu Vidosava,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara Ikonija amepata karatasi ya kuwashia jiko. Mama yako ni mzima ila hasemi nami. Akitaka chumvi anamwambia Ikonija, Ikonija ananiambia mimi, nami nampa Ikonija. Anakuombea usiku na mchana, na mimi ananiombea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Hukuwepo Jumamosi, kwa hiyo nakusimulia.

Watu walifika kama mia sita. Bendi, bendera, bibi harusi na bwana harusi wamevaa tayari wapige picha na msimamizi wao. Wale arobaini na wawili wako walikuwa wamejipanga wenyewe, kimya, wanakungoja. Tihomir akanisogelea: "Yuko wapi?" Nikachukua kipaza sauti. Nilikuwa na hotuba mfukoni, Vidosava, nzuri mno. Ndani yake kulikuwa na ukungu, ndege iliyorudi, na ugonjwa wa ghafla wa mtu fulani mkubwa Tokyo. Nikaanza: "Ndugu wananchi, Mjapani wetu amepatwa na..."

Grozda akanyoosha mkono kwenye mstari. "Mjapani wa nini tena?" akauliza kwa ile sauti yake ya sokoni. "Vidosava yuko wapi? Aliniambia leo ananirekebishia nyonga!"

Mwingine nyuma yake akadakia, "Ndiyo, tunamtaka Vidosava! Huyo Mjapani mwacheni alale!"

Watu wakacheka. Mimi nikatazama jukwaani, nikajiona. Mzee mzima, nimekaa siku tano nalinda kiti. Nikaona aibu kiasi kwamba mkono uliingia mfukoni wenyewe na badala ya hotuba ukatoa barua ya Okuyama. Nikaisoma yote kwenye kipaza sauti. Kisha nikasema: "Mjapani hayupo na hakuwahi kuwepo. Mwalimu mlikuwa naye siku tano. Ni mpwa wangu, ana dan ya tano, mimi nina ya nne. Mwaka 1975 alikuwa bora kuliko wote na nilimfuta kwenye orodha ili nimfurahishe meneja wa posta. Orodha haikuwa imejaa."

Meneja wa posta alikuwa safu ya mbele. Akaondoka na kipaza sauti, maana kilikuwa cha posta. Tihomir alinijia uso umemwiva: "Na harusi kesho, Radisav? Msimamizi nani, wewe na goti lako?" Nikamwambia angekuomba wewe, ungesimama vizuri kuliko Mjapani yeyote. Hakupenda. Aliyesimamia ndoa ni daktari wa mifugo. Kamati imevunjwa, isipokuwa ile kamati ndogo ya nyama, ambayo inaendelea kukutana.

Ukumbi umekwenda. Viazi viliingia tarehe tano, nilisimama nikaangalia magunia yakipita mlangoni na nililia, sikatai. Lakini Jumatatu iliyofuata watu arobaini walinijia nyumbani na mikanda yao myeupe, Grozda mbele. Tunafanya mazoezi kwenye uwanja nyuma ya kiwanda cha soksi. Mimi nahesabu tu. Goti linauma. Limeuma tangu 1979, na nilikaa jukwaani kwa sababu hiyo pia, na kwa sababu niliogopa kusimama chini yako nikaonekana nimezeeka. Kwanza kabisa ni kwa sababu hiyo ya pili.

Swali lako la Juni nililielewa siku ileile. Sikulijibu kwa sababu jibu nilikuwa nalijua na lilinitia aibu.

Nilikukosea mara mbili. Unisamehe. Wanafunzi wanaomba uje uwafundishe, na mimi naomba pamoja nao. Hata kamati ya nyama haijui kwamba nimeandika.

Radisav


Milano, 16 Septemba 1985

Mjomba,

Mimi sijambo. Mama mwambie chumvi akuombe wewe mwenyewe.

Barua yako niliisomea kazini, nimekaa juu ya robota la mashuka, nikalia mpaka msimamizi akaja mbio. "Nani amekufa?" Nikamwambia ni mjomba wangu. Akavua kofia. Nikamwambia hapana, hajafa, ameomba radhi. Akanipa ruhusa ya nusu siku.

Nimepata likizo ya wiki mbili. Nitafika Jumamosi tarehe 12 Oktoba, na saa tano nitakuwa uwanjani. Nitasimama mbele. Wewe utasimama kwenye mstari, wa kwanza kulia, umenielekea mimi. Nikiinama utainama, na utainama chini kuliko mimi. Ukiona goti linakataa, fika pale linapokufikisha, nitaelewa.

Kama jambo hilo litakushinda, niandikie. Usipoandika, nakuja.

Vidosava